Mama Mkwe Aliniomba Nikae

Bwana asifiwe! Nawasalimu mara ya pili, maana hiyo amina ya kwanza imetoka kwa watu waliochoka. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Mutinda. Ninyi wa hapa Kisaju mnanijua kama mama mpole asiye na haraka. Wale tuliokaa nao Kitengela wakisikia hivyo wanacheka, na wana haki ya kucheka. Nimesimama hapa kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye vitu. Pombe sikuwahi kunywa. Kwa mganga sikuwahi kwenda. Nilikuwa nimeokoka, nimebatizwa, katibu wa akina mama, ninaimba sauti ya kwanza. Shetani hakusumbuka kunifuata na chupa. Alinifuata na vikombe.

Msicheke sana, wengine wenu nimeshaona makabati yenu.

Niliolewa miaka ya tisini. Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, mume wangu ni Mkamba wa kule Makueni. Siku ya harusi, mama mkwe wangu alisimama kutupa neno la mzazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa kanisa, na hakuwa amefurahia mtoto wake kwenda kuchukua bibi Murang'a. Akasema kwa Kiswahili, ili watu wetu wote wasikie, "Mtoto yangu ameoa duka." Akakaa. Watu wakacheka, wakafikiri ni ule utani wa Wakikuyu na biashara. Mimi nilikuwa nimevaa shela, nikaendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

Ndugu zangu, neno moja tu! Nililibeba miaka tisa. Badala ya kulipeleka kwa Mungu, nikasema moyoni, sawa, kama mimi ni duka, basi nitakuwa duka.

Tulijenga Kitengela wakati bado punda milia wanakuja mpaka kwa ua. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mimi nauza mitumba sokoni. Na nikaanza kununua. Nilikuwa na seti mbili za viti vya kochi katika sebule moja, na kila kiti na kitambaa chake nilichoshona kwa mkono. Ukitaka kwenda chumba cha kulala unapita kiupandeupande kama kaa. Nilikuwa na chupa sita za chai na tulikuwa watu wanne. Chama chetu cha akina mama tulikuwa tunazungukiana kupelekeana vyombo, na vyangu vikijaa kabati nanunua kabati lingine. Vikombe vya wageni nilivipangusa kila Jumamosi, na hakuna mgeni aliyewahi kuvigusa. Mutinda na dada yake walifanyia kazi za shule jikoni, sakafuni, wasije wakachafua viti. Maombi? Niliomba nikipangusa vumbi. Nilikuwa namwambia Mungu maneno huku nahesabu sahani.

Ule mwaka wa kiangazi kikali, Wamasai walipohamisha ng'ombe mpaka mashambani kwa watu, mama mkwe akaja kwetu. Kwao hakukuwa na maji wala chakula. Alikuja na kiondo chenye ndengu na nguo mbili. Sisi tunamwita mama maitu, wao wanasema mwaitu, kwa hiyo hata kumwita haikunipa shida. Mdomo ulisema Mwaitu, lakini moyo ulikuwa bado uko pale kwenye harusi.

Nilimlaza kwenye chumba cha watoto, katikati ya maboksi. Asubuhi anaamka mapema, anafagia uwanja, anatoa kigoda mlangoni, anakaa. Hana redio, hana kitu mkononi. Saa nzima. Mimi nilikuwa napita na ndoo, napita na mzigo wa mitumba, na jinsi alivyotulia vile iliniudhi, nawaambia ukweli. Siku moja nikamuuliza anafanya nini.

"Nakaa na Mungu," akasema.

"Mnaongea nini saa hizo zote?"

"Hakuna. Yeye anajua. Mimi nakaa tu."

Nikaenda sokoni nikimcheka. Mimi! Katibu wa akina mama!

Wiki ya pili akaanza kuniita. "Mama Mutinda, kaa chini kidogo. Mimi iko na neno na wewe." Nikamjibu, "Nakuja, Mwaitu." Nikaenda.

Ndugu zangu, si mnajua vile sisi tunasema nakuja? Mtu anafunga viatu, anabeba mkoba, anatoka kwa mlango, anasema nakuja! Huku anaenda! Na sisi kwa sisi tunaelewana. Lakini huyu mama Kiswahili alijifunza ukubwani, kanisani, na kwake neno lilikuwa neno. Ukisema unakuja, unakuja. Kwa hiyo alikuwa ananingoja. Kila siku, nilikuja kuambiwa baadaye na jirani, alivuta kigoda cha pili akakiweka karibu na chake. Mimi nikirudi jioni nilikuwa naona vigoda viwili, nasema, huyu mama ananitolea vitu nje vichafuke, navirudisha ndani.

Mungu anisamehe.

Siku tano alinialika, siku tano nikamwambia nakuja. Na nilijua. Kuna kitu ndani yangu kilijua kwamba anataka kuongea ile habari ya harusi, na nilikuwa naogopa pia. Ukiwa na shughuli nyingi hakuna anayekuuliza unakimbia nini.

Jumamosi nikapata habari kwamba kuna afisa wa serikali Kajiado amehamishwa, anauza vitu vya nyumba, na kuna kabati la mvule lenye milango ya vioo. Nilivaa haraka. Mume wangu alikuwa kazini, watoto walikuwa kwa shangazi yao Ngong. Mwaitu alikuwa mlangoni. Akashika mkono wangu, hakuwahi kunishika mkono, akasema, "Leo. Kaa leo, mwanangu."

Mwanangu. Nikasikia vizuri kabisa. Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, Mwaitu." Nikautoa mkono wangu.

Kajiado nikakuta wanawake wengine wanalitaka lile kabati, nikabishana mpaka sauti ikakauka. Nikalipata. Nikatafuta pikapu, tukalifunga kwa kamba na mablanketi, na njia yote namwambia dereva, polepole, vioo! Polepole, vioo! Jua linaelekea kuzama ndipo tunaingia Kitengela.

Jirani yetu Mama Naserian, Mmasai aliyekuwa anatuletea maziwa, alinikimbilia langoni. "Hii mama yako nakaa hapa tangu asubuhi," akasema. "Mimi naambia yeye ingia ndani, jua ni kali. Yeye nasema hapana, Mama Mutinda nakuja. Sasa hivi naanguka, mdomo napinda."

Nikamkuta amelazwa chini juu ya leso ya kujifunga ya Mama Naserian. Upande mmoja umekufa. Macho yaliniangalia. Mdomo ukajaribu, na kilichotoka hakikuwa neno.

Gari lilikuwa pale pale, ndugu zangu! Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limesimama langoni, na lilikuwa limejaa kabati langu. Dereva akaanza kufungua mafundo moja moja, kwa uangalifu, kama nilivyomwagiza. Nikapiga kelele akate, akate kamba! Likashushwa mavumbini. Kioo kimoja kikavunjika, na nawaambia kitu ambacho hata mume wangu niliogopa kumwambia: moyo wangu uliruka kwa sababu ya kile kioo. Mama wa watu amelala chini, na mimi moyo umeruka kwa kioo! Hapo ndipo nilijiona. Hakuna mhubiri aliyewahi kunionyesha vile nilivyojiona pale.

Aliishi miezi saba. Hakusema tena.

Kitanda chake hakikuweza kuingia sebuleni mpaka tutoe viti, tukatoa. Tukatoa makabati. Vyombo nikagawa, vingine watu walichukua nikiwa siangalii, wakabarikiwe. Mama Naserian nilimpa chupa mbili za chai, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nyumba ikabaki na kitanda, kigoda, na mimi.

Mwanzoni nilikuwa nambembeleza. Mkono wake mmoja ulikuwa na nguvu, basi nikamwambia, Mwaitu, kama ni lile neno la harusi, bonyeza mkono wangu. Akabonyeza. Umenisamehe? Akabonyeza. Nikalia kwa furaha, nikamwita mume wangu, nikataka kupiga vigelegele. Kisha nikamuuliza kama anataka uji. Akabonyeza. Nikamuuliza kama leo ni Jumatano. Ilikuwa Ijumaa. Akabonyeza.

Kwa hiyo sijui. Ndugu zangu, wengi wenu mmenifariji mkisema, bila shaka alitaka kukubariki, dada. Labda. Labda alitaka kuniomba msamaha. Labda alitaka kuniambia niache watoto wakae kwa viti. Nilikuwa na siku tano na nusu za kulijua hilo neno, na nikazitumia kwenda.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamwosha, na kazi ikiisha nilikaa. Wiki za kwanza miguu ilikuwa inanichezacheza, mikono inatafuta kitambaa cha kupangusa. Siku moja, sikumbuki ni siku gani, nikagundua nimekaa asubuhi yote sijatamani kuinuka. Sikuwekewa mikono, sikuanguka, sikusikia sauti. Nilijua tu kwamba Mungu yuko hapo chumbani na kwamba alikuwa hapo muda wote, na mimi ndiye sikuwa nyumbani. Huko ndiko kufunguliwa kwangu. Nashukuru Mungu kwa ajili yake, na bado naumia, na sioni kwamba hayo mawili yanapigana.

Mwaitu alilala katika Bwana mvua za vuli zilipoanza. Neno lake Mungu analo. Nimemwachia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeketi na Mwaitu nilipokataa mimi.

Sasa nawakaribisha. Sitasema mje hapa mbele. Mungu ninayemjua hahitaji umletee kitu, wala haendi mahali. Mwamini, umpe utulivu wako, uone. Lakini kama kuna mtu nyumbani kwako amekuomba ukae naye, mzazi, bibi, mtoto, hata jirani mliyekosana, na wewe umekuja hapa kwa Mungu ili usikae naye, mimi nakusihi usingoje mahubiri. Mchungaji, unisamehe. Nenda sasa, akiwa bado ana mdomo.

Naona kuna baba ameinuka kule nyuma. Usione haya, baba. Akina mama wa benchi la mwisho, vuteni miguu, mpisheni apite.