Washa za Bakuli Moja

Mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini pikipiki ya Solomoni haikuwahi kuvuja oili. Alibadilisha oili siku ile ile na madereva wenzake wa bodaboda, mahali pale pale, kwa spana ile ile. Hata kile kijipete chembamba cha shaba kinachovalishwa kwenye boliti ya chini ya injini, ambacho wao hukiita washa, alikiokota kwenye bakuli lile lile walilookotea wote. Injini za wenzake zilidondosha matone wiki baada ya wiki. Yake ilikaa kavu. Fundi alishalala chali chini yake na tochi mdomoni, akainuka akitikisa kichwa. Fumbo hilo lilijadiliwa kila Jumamosi mchana kijiweni Kwa Mrombo, kwenye benchi la ubao wa mgrivelia lililosogezwa ukutani mwa duka la mkaa, mahali Oscar anapouza kahawa na kashata. Kwa wengi lilikuwa burudani. Kwa Elimringi, Jumamosi hii, halikuwa burudani hata chembe.

Wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna abiria aliyewahi kumwomba apunguze mwendo. Kila asubuhi ya shule alimchukua Evelyn, mtoto wa miaka minane, kutoka nyumba moja ya Njiro, akamfikisha darasani. Njia nzima mtoto alimkariria jedwali la kuzidisha mgongoni, na akikosea saba mara nane Elimringi alipiga honi kidogo, mtoto akarudia. Jana mama yake Evelyn alisimama getini akitazama madoa meusi kwenye sakafu ya ua wake. Hakupandisha sauti.

— Baba, madoa nitayasugua, alisema. Ila nakuuliza: kama pikipiki inavuja, na fundi wako hajui kwa nini, mwanangu anakaa juu ya nini?

Elimringi alichuchumaa, akagusa doa moja kwa kidole. Mama akampa mpaka Jumatatu. Hapo aje na jibu, au atafute safari nyingine.

Sasa alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kahawa imepoa mkononi, macho kwenye kipande cha boksi alichokitandika chini ya injini yake. Doa lilikuwa limefikia upana wa kizibo cha soda.

— Taratibu, kunywa kahawa bwana, alisema Ephraimu. Unaliangalia boksi kama linatoa taarifa ya habari.

Huyu Ephraimu walimwita Waziri, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulitolea tamko.

— Nimeshakaza mara tatu wiki hii, Elimringi alijibu. Linadondosha tu.

— Usikaze tena! Fundi Nathanael alipaza sauti kutoka chini ya pikipiki nyingine. Alikuwa akisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni, na jina lake hapo lilikuwa Sikio. — Ukikaza tena meno ya boliti yanakwisha, chalii wangu. Hapo hatuzungumzii tone. Hapo oili yote inamwagika barabarani na injini inakwama na mtu juu.

Elimringi aliweka kikombe chini. Mtu juu. Alimwona Evelyn na begi lake la rangi ya zambarau.

— Tatizo ni baridi, Waziri alitoa tamko. Hizi washa zinashuka bandarini, zinakaa kwenye joto la Dar. Zikipanda huku kwetu zinapigwa na ubaridi wa Meru, zinasinyaa. Ikishasinyaa, oili inapita.

— Na ya Nabii mbona haisinyai? aliuliza Elimringi.

Nabii ndiye Solomoni mwenyewe. Aliwahi kutabiri mvua ikanyesha kweli, jina likamganda.

— Yangu ilishazoea, alisema Nabii kwa utulivu. Mimi nalala na pikipiki sebuleni. Mke wangu aliuliza kama nimeoa mbili, nikamwambia hii haiulizi nilikuwa wapi.

Benchi lilicheka. Oscar aliongeza kahawa bila kuombwa.

— Sebule siyo sababu, alisema Sikio, akijitoa chini na kufuta mikono. Sababu ni vumbi. Vumbi la huku limetoka tumboni mwa mlima, lina ncha kama kioo. Likiingia kati ya washa na injini, linachimba kamfereji.

— Na mimi napita wapi, mawinguni? aliuliza Nabii. Vumbi lote la Sokon nimelimeza mimi.

— Basi, alisema Waziri, na sauti yake ikashuka kama mtu anayetoa siri ya serikali. Basi ni mlima wenyewe. Mlima Meru una sumaku. Tazameni mnavyoegesha. Taratibu, pikipiki yako inaangalia wapi?

— Mlimani.

— Yangu?

— Mlimani.

— Ya Nabii?

Wote wakageuka. Pikipiki ya Nabii ilikuwa imeelekea upande wa pili, imeuonyesha mlima taa ya nyuma. Hata Elimringi, aliyekuwa mtu wa akili timamu, alihisi kitu kama tumaini.

— Mlima unavuta boliti, Waziri aliendelea, amepata nguvu. Polepole, usiku kucha, unailegeza.

— Sasa mbona nyumba zote za Ngaramtoni hazijalegea misumari? aliuliza Sikio.

— Misumari imepigiliwa. Boliti imekazwa. Ni vitu viwili tofauti.

— Wewe Waziri, mbe bwana, ipo siku utatuambia mlima unavuta na meno ya wazee, alisema Sikio.

— Yangu mawili ulishayavuta, alisema Oscar, na ikawa ndiyo mara ya kwanza kusema siku hiyo.

Elimringi alicheka naye, lakini alisimama na kugeuza pikipiki yake, taa ya nyuma ikatazama mlima. Wenzake walimwacha afanye hivyo. Pale kijiweni mtu akiwa na jambo hazuiwi kujaribu.

Nabii akasogea karibu naye.

— Taratibu, alisema kwa sauti ndogo. Ngoja nifungue yangu. Chukua washa yangu, nipe yako. Mimi sina mtoto wa kubeba Jumatatu.

Elimringi alimtazama. Alijua kwamba Nabii aliipenda ile washa kavu kuliko alivyoonyesha, kwamba ilikuwa ndiyo sifa yake pekee kijiweni.

— Na yako ikianza kuvuja?

— Nitakuwa kama ninyi. Si mnaishi?

Kabla Elimringi hajaamua, saa ya kazi ya Jumamosi ilifika, kubadilisha oili. Sikio alileta kidumu kilichokatwa cha kupokea oili chafu, na katikati akaweka bakuli la bati lenye petroli kidogo. Utaratibu wao ulikuwa wa miaka. Kila mmoja alifungua boliti yake akaitia mfukoni, na washa akaitupa bakulini ioshwe. Oili mpya ikiwa tayari, mtu alichovya vidole akaokota washa iliyopita kwenye boliti yake. Kununua washa mpya peke yako kulionekana kama kwenda harusini na sahani yako mkononi. Aliyehama kijiwe aliacha washa yake, aliyekuja aliikuta. Bakuli lilikuwa lao wote.

Siku hiyo alikuwepo dereva mgeni, Sinyati, mama wa miaka kama thelathini na mitano aliyekuwa akishusha maziwa kutoka Oldonyosambu kwa pikipiki yenye makopo mawili ya bati ubavuni. Alikuwa ameomba kujiunga na kijiwe wiki hiyo, na Waziri alimkubalia kwa hotuba ndefu. Alisalimia benchi zima, akachuchumaa, akafungua boliti yake bila kuomba msaada. Kisha akabaki ameshika washa kwenye ncha za vidole.

— Kaka zangu, hii naiweka wapi?

— Bakulini, dada, alisema Waziri. Tunaosha pamoja. Hapa sisi ni familia.

Sinyati akatazama ndani ya bakuli. Washa saba au nane zilikuwa zimelala chini ya petroli, nyekundu, zinang'aa.

— Sawa. Na nikirudi kuichukua, nitajuaje ipi ni yangu?

Waziri aliinamia bakuli. Nabii alikuna kidevu. Sikio, aliyekuwa na bisibisi mkononi, aliiweka chini.

— Unachukua inayopita, alisema Waziri.

— Ndiyo kaka, nimeelewa. Lakini ipi ni yangu?

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua choo kiko wapi.

Sikio akaingiza mkono bakulini, akatoa washa moja, akaipandisha kwenye mwanga. Akatoa nyingine. Upande mmoja wa ya kwanza ulikuwa na alama ya duara iliyokandamizwa na injini fulani. Ya pili alama yake ilikuwa pana zaidi, imeinama. Akatoa ya tatu, nene kuliko zote.

— Hizi zimelaliwa na injini tofauti, alisema polepole. Kila moja imechukua umbo la ilikotoka. Nasi tunazibandika popote. Halafu nawaambia msikaze.

— Kwa hiyo siyo sumaku, alisema Waziri.

— Sijui, bwana. Hata ya Nabii sijui. Yeye naye anaokota humu humu. Ninachojua, sijawahi kumfungia mtu yeyote hapa kitu nilichojua kimetoka wapi.

Aliyasema hayo akimtazama Elimringi, kisha akatazama pembeni. Elimringi alitegemea kukasirika na hakukasirika. Alikumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe alichovya vidole mle akaona fahari ya kuwa mmoja wao.

— Mama wa Njiro aliniuliza, alisema. Aliuliza mtoto anakaa juu ya nini. Sikuwa na la kumjibu.

Walijadili, na kwa mara ya kwanza mjadala wao ulikuwa mfupi. Waziri alijaribu kulitetea bakuli, akasema umoja ni umoja. Sinyati akamwambia kwamba kwao ng'ombe wanalala zizi moja, ila maziwa ya kila mmoja ndama wake anayajua. Nabii akasema umoja wanaweza kuufanyia kwenye kahawa. Waziri akafikiri, akasema hilo nalo ni tamko, na yeye mwenyewe ndiye atakayekwenda dukani kumnunulia kila mmoja washa yake. Alikusanya boliti zote zilizofunguliwa, kila moja akaifunga kwenye kitambaa chake na kukitia alama kwa mkaa kutoka dukani nyuma yao, akapanda nyuma ya Sinyati kwenye pikipiki ya Nabii, iliyokuwa bado na oili yake, wakaenda kwenye duka la spea. Walirudi na washa mpya kwa kila boliti, za kipimo chake, na Waziri akazigawa kwa heshima kama anayetoa vyeti. Nabii peke yake hakuwa amefungua boliti yake. Aliomba aachwe na washa yake ya zamani, wakamwachia.

Sikio mwenyewe alifunga ya Elimringi. Alisafisha mahali inapokaa kwa kitambaa kikavu, akaizungusha boliti kwa vidole mpaka ikagoma, kisha akaisukuma kidogo tu kwa spana, akamimina oili mpya. Oscar alimaliza birika. Boksi jipya chini ya injini lilibaki kavu, na lilibaki kavu baada ya Elimringi kuwasha, kuzunguka mpaka Sokon na kurudi.

— Jumatatu utakuwa na jibu, alisema Nabii.

Elimringi alitikisa kichwa.

— Hilo ni jibu la pikipiki. Yeye aliuliza pia kuhusu fundi wangu.

Kijiwe kikaelewa. Ndipo likaamuliwa la mwisho: mama Evelyn aambiwe leo hii, siyo Jumatatu, na aambiwe yote, habari za bakuli zikiwemo, na wala asiachwe adhani ni bahati mbaya. Wakabishana kidogo nani aende na Elimringi. Waziri alijitolea, wakamkatalia kwa pamoja: aende fundi mwenyewe.

Sikio alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko. Akavaa shati la Nabii lililokuwa limenyooshwa kwa ajili ya kwaya ya kesho, kubwa kidogo mabegani. Kisha akapanda nyuma ya Elimringi, mahali anapokaa mtoto, akashika kiti kwa mikono yote miwili, wakashuka taratibu kuelekea Njiro.