Mzee Muhidini na Printa Iliyomchafulia Jina

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Mzee Muhidini Saburi atakabidhi funguo za chumba cha uchapaji cha Ofisi yetu ya Msaada wa Familia, Kamachumu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba kamili. Bwana Pastory, mratibu wetu, ndiye aliyeniagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida, na akaniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini niseme mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira, na anayetaka uchangamfu mtupu aruke moja kwa moja hadi ukurasa wa michezo.

Hasira yangu ni hii. Mzee huyu anaondoka na barua ya onyo ndani ya faili lake. Ni barua moja tu katika miaka yote hiyo, na haikuwa yake.

Alizaliwa mwaka 1943, Bukoba mjini, nyuma ya soko, mtoto wa fundi cherehani. Anasema alijifunza kusikiliza mashine kabla hajajifunza kusoma, maana baba yake alikuwa akishona huku akiuliza watoto ni kifaa gani kinacholia. Tuliajiri mesenja tarehe 1 Julai 1971, ofisi ikiwa bado Bukoba, na kabla ya mwaka kwisha mesenja huyo alikuwa bwana mkubwa wa mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono iliyowamwagia wino wema na wabaya. Siku moja ya Idi alipitia ofisini kuitazama kidogo tu, akaenda kuswali na vidole vitano vyeusi kifuani mwa kanzu mpya. Mkewe, Bi Mariamu, bado anaitunza kanzu hiyo kama ushahidi.

Mwishoni mwa mwaka 1978 vita vilipovuka mpaka, watu wa Bukoba walifunga magodoro wakaelekea kusini. Kila mtu aliokoa alichokipenda. Mzee Muhidini aliifungua mashine vipande vipande, akaifunga kwenye baiskeli, akaisukuma hadi Kamachumu, na Bi Mariamu akatembea nyuma yake amebeba sufuria na makopo ya wino. Wiki ile ile mashine ilianza kuchapa majina ya watoto waliopoteana na wazazi wao njiani, na karatasi zikabandikwa kwenye milango ya shule. Vita vilikwisha, mashine haikurudi Bukoba, na mwenyewe hakurudi. Watu wa hapa wakamwita Tata Muhidini, yaani baba, japo babu yake alitoka pwani na Kihaya chake mpaka leo kinawachekesha watoto.

Halafu ikaja miaka ya ugonjwa, na majina tuliyochapa yakawa ya aina nyingine. Wenzangu mnajua kazi yetu kubwa ilikuwa nini: wosia. Mgonjwa anasema, tunaandika, yeye na mashahidi wanatia saini, ili akishazikwa mjane asije akafukuzwa kwenye kibanja, migomba na mibuni yake ikagawanywa na wanaukoo kabla hata matanga hayajaanuliwa. Mzee Muhidini alichapa wosia za watu aliokuwa amesalimiana nao sokoni wiki iliyopita. Hakuwahi kusema amechoka. Sisi wengine tulisema kila siku.

Mwaka 1995 marafiki wa ng'ambo wakatuletea kompyuta na printa ndogo ya wino. Nawashukuru, ila printa ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa nyumbani kwake na kumwandikia shangazi yake barua mbili kwa mwezi. Sisi tuliipa kurasa mia kwa siku, kwa umeme wa jenereta, katika chumba ambacho masika ukuta wake unatoa jasho. Mzee Muhidini aliiita Bi Harusi, kwa sababu ilifunikwa kitambaa cha kufuma na iligoma kila walipokuja wageni.

Aliitunza kuliko ilivyostahili. Karatasi zetu zilinyonya unyevu na kushikana, printa ikavuta tatu badala ya moja na kukwama. Yeye akaanza kuzihifadhi kwenye debe lenye mfuniko, chini akiweka mkaa uliofungwa kwa kitambaa ili unyonye maji, na kabla ya kuzipakia alizipepeta kama mtu anayechanganya karata. Rola zikilia alikataza mtu yeyote kuigusa mpaka asikilize. Kama inalia bila karatasi, alisema, kuna kitu ndani au meno ya gia yamechoka. Kama inalia karatasi ikipita, basi rola imechafuka na inateleza. Rola alizipangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yaliyochemshwa na kupoa, akizizungusha polepole kwa kidole. Spiriti aliikataa kabisa, kwa kuwa inakausha mpira.

Na karatasi ikikwama alikuwa na sheria aliyoiandika kwa mkono na kuibandika ukutani. Zima umeme kwanza. Vuta kwa mikono miwili, taratibu, kufuata upande ilikokuwa ikienda. Ikichanika, unganisha vipande vyote mezani mpaka ukurasa utimie, maana kipande kinachobaki ndani ndicho kitakachokukwamisha kesho. Karatasi ile ya ukutani bado ipo. Bwana Pastory ameipita mara elfu.

Sasa nifike tarehe 14 Mei 1996, siku ambayo mratibu wangu angependa niiruke.

Asubuhi ile tulikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam. Mgeni hapa haondoki bila kutafuna kahawa, ile akamwani iliyochemshwa na kukaushwa, na Bwana Pastory aliagiza iletwe. Mimi nilikuwa kibarua wa miezi mitatu, ndimi niliyeileta katika kikapu kidogo cha ukindu. Meza zote zilijaa mafaili. Mahali pamoja tu palikuwa pasafi na pametandikwa kitambaa kizuri. Nikakiweka kikapu juu ya Bi Harusi, nikampitishia kila mgeni, nikakirudisha palepale. Wageni wakatafuna, wakasifu, na Bwana Pastory akawapakia kwenye gari la ofisi pamoja na dereva, waende kutazama ziwa. Mimi nikakunja kitambaa nikaenda kukikung'uta.

Saa sita mchana akaingia Limi, mzaliwa wa Kimwani aliyeolewa Kishanda, miguu ina tope hadi magotini. Mumewe, Byarugaba, alikuwa amezidiwa. Wosia wake tulishauandika na kuusoma mbele yake siku mbili kabla. Kilichobaki ni kuuchapa na kuupeleka atie saini. Mzee Muhidini alibonyeza, na printa ikatoa mlio kama mtu anayesaga mchanga kwa meno. Karatasi ikaingia nusu, ikakwama.

Mzee alisema tuzime, atoe karatasi taratibu, kisha asikilize. Bwana Pastory alisema hakuna muda wa kusikiliza, akaishika karatasi kwa mkono mmoja akainyofoa. Ikachanika vipande sijui vingapi, na robo tatu ikabaki ndani. Mzee akaomba basi auandike wosia kwa mkono, hati yake inasomeka kuliko ya karani yeyote wa wilaya hii. Bwana Pastory akakataa. Akasema wosia wa ofisi hii ni wa kuchapwa, wa mkono wazee wa ukoo wataukataa. Limi alikuwa amesimama mlangoni, akarudia neno moja tu: "Tata, harakisha. Tata, harakisha."

Ilichukua saa mbili na nusu. Mzee aliigeuza printa juu chini kwenye blanketi, akamulika kwa tochi, akatoa vipande kwa kibano cha nyusi alichoazimwa na muuza duka, akaviunganisha mezani kimoja kimoja. Akapangusa rola. Wosia ukatoka safi. Gari halikuwapo, kwa hiyo alimpakia Limi kwenye baiskeli, na kwenye vilima wakashuka wakakimbia. Walipofika Kishanda, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Mjane hakupata kibanja. Wiki moja baada ya matanga alikuwa njiani kurudi Kimwani na watoto watatu. Wiki hiyo hiyo Mzee Muhidini akapewa barua ya onyo: uzembe katika kutunza mashine, uliosababisha huduma kuchelewa. Aliisoma, akatia saini ya kuipokea, akarudi kupepeta karatasi. Limi alielezwa kwamba mwenye makosa ni yule mzee wa printa. Siku za gulio akikutana naye hapa Kamachumu, hugeuza uso. Mzee humsalimia hata hivyo, kila mara, na kila mara haitikiwi.

Nami nilisema nini? Nilisema mzee amechoka, macho hayaoni vizuri. Nililisema jikoni, nikalisema mbele ya wenzangu, na mlicheka.

Jumatatu iliyopita nilimsaidia kutoa vitu vyake kwenye droo. Nyuma kabisa kulikuwa na kisanduku cha kiberiti. Ndani yake mlikuwa na punje moja ya kahawa ya kutafuna, imebanwa upande mmoja na ina alama za meno ya gia, na kikaratasi chenye hati yake nzuri: "14/5/96. Imetoka kwenye rola."

Nilikaa chini sakafuni. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwa upole ule ule unaoniudhi hadi leo. Alisema kahawa ya mgeni haihesabiwi, mwenyeji hawezi kusimama na kusema ukarimu wa nyumba ndio ulioharibu. Nilipozidi kumbana akaongeza: "Mwanangu, wewe ulikuwa kibarua, na ulikuwa umetoka kumzika dada yako. Watoto wake wanne walikuwa wanakula kwa mshahara wako. Mimi barua moja ingenifanya nini?"

Ingekufanya nini, Mzee? Imekufanya uonekane mzembe mbele ya mtu uliyemkimbilia vilimani. Nimekukasirikia. Ungenipa nafasi ya kubeba mzigo wangu. Nimemkasirikia zaidi Bwana Pastory, ambaye aliinyofoa karatasi, aliikataa kalamu, kisha akaiandika barua. Na mimi mwenyewe sijisamehi hata kidogo.

Bwana Pastory amesoma rasimu ya wasifu huu. Ameomba niondoe aya sita. Nimeondoa moja, iliyohusu suruali yake ya safari. Nyingine zimebaki kwa kuwa jarida hili nalichapa mimi, kwa printa ile ile, na Mzee alinifundisha kutoacha kipande ndani.

Kwa hiyo, mbele ya wafanyakazi wote watakaokusanyika Jumanne kula ndizi na kunywa soda, naomba jambo moja. Barua ile itolewe kwenye faili la Mzee Muhidini Saburi na iwekwe kwenye langu. Jina lirekebishwe, tarehe ibaki. Nitatia saini ya kuipokea mbele yenu. Na kama Bwana Pastory anaona faili lake nalo lina nafasi, nakala zipo.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka ishirini na saba, kwa majina ya watoto yaliyobandikwa milangoni, na kwa kila wosia uliofika kwa wakati, ambao hatukuwahi kukushukuru kwa ajili yake kwa sababu haukupiga kelele. Nenda nyumbani, ukae na Bi Mariamu, uvae kanzu nyeupe kila siku. Uwe na afya, na usingizi mzuri, na uzee usiokwama popote.

Usipite gulioni Jumamosi hii, Mzee. Mimi nitakuwa Kimwani kwa Limi, na kisanduku cha kiberiti mkononi, kumweleza ni nani aliyekiweka kikapu. Gulio lijalo msalimie tena.

Rozi Buberwa
Katibu Muhtasi