Benchi Nililolipa Jina

Akina mama, amani ya Bwana iwe humu ndani. Mama zangu mliokaa mbele, shikamooni. Nimesimama kwa sababu mama mchungaji amenivuta mkono. Miguu yenyewe haikutaka. Mnanijua mimi ni mtu wa maneno. Hata msibani nikiingia, wengine hujiziba midomo kwa khanga wasije wakacheka. Basi leo nitawasimulia jinsi ulimi huu ulivyonifanya. Majina ya watu nayaacha, maana wengine wako hai. Jina moja tu nitalitaja, la mwanangu, kwa sababu hilo ni langu.

Wakati ule nilikuwa bado Kisarawe, upande wa Marui. Ndiyo kwanza tumehamishwa kutoka mashamba yetu ya zamani, tumepangwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba kwa mstari. Mikorosho tumeiacha kule tulikotoka, na muhogo mpya haujakomaa. Zahanati haikuwapo. Lakini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuja Landrova ya idara ya afya kutoka wilayani, imewaleta Bwana Afya na nesi. Bwana Afya alipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, akachungulia na kisima. Nesi alibaki na watoto kwenye baraza la ofisi ya kijiji.

Mizani ilifungwa kwenye boriti. Mtoto anavalishwa kaptula ya turubai, ananing'inizwa, analia, na nesi anasoma uzito kwa sauti ili karani auandike kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mstari. Mtoto akikua, mstari unapanda. Akikonda, unashuka.

Pembeni mwa baraza paliwekwa benchi. Mama ambaye mstari wa mwanawe umeshuka aliambiwa akae pale asubiri. Foleni ikiisha, nesi anawaendea, anawafundisha kupika uji wa karanga, anawagawia unga wa maziwa na mafuta. Lilikuwa benchi la msaada, jamani, wala halikuwa na ubaya wowote.

Neema wangu alikuwa mnene, mashavu kama maandazi. Siku moja nimesimama kwenye foleni, nimembeba, najiona. Nikawaambia wenzangu, "Haya tazameni, benchi la wabemendaji leo limejaa!"

Naona mmecheka. Na wao walicheka hivyo hivyo.

Ninyi mliotoka bara, maana Mlandizi hapa tumechanganyika, niwaeleze. Huku kwetu pwani mtoto akidhoofika, watu husema wazazi wake wamembemenda. Yaani baba na mama wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje, wakamharibu mtoto. Ni neno zito hilo. Linamwingilia mwanamke mpaka chumbani kwake.

Jina likakaa. Mwezi uliofuata benchi lilikuwa nusu tupu. Mwezi wa pili walikaa wawili tu, tena wageni wasiojua. Nesi akafurahi, akasema watoto wa kijiji hiki wanapona. Hawakupona, ndugu zangu. Mama zao walikuwa wamewafungia nyumbani. Mimi niliona mzaha wangu umefanya kazi, nikazidi kuucheka.

Neema alipofika mwaka mmoja na miezi miwili, nikagundua nina mimba. Baba watoto alikuwa kibarua wa barabara huku Kibaha, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama mkwe wangu alipoitambua hali yangu alisema, "Mtoe ziwani leo hii. Maziwa hayo sasa ni ya mwenziwe, yatamuua." Nikapaka shubiri kwenye chuchu. Neema akaja kunyonya, akaonja, akanitazama. Mtazamo ule ninao mpaka leo. Akajaribu tena upande wa pili, akakuta vilevile, akaacha.

Akabaki na uji wa muhogo, mtupu. Mayai hapana, tuliambiwa yanamfanya mtoto kuwa mwizi. Samaki hapana, atapata minyoo. Baada ya mwezi mmoja mbavu zikaanza kuhesabika. Na Alhamisi inakuja.

Nilijua mstari utashuka. Ukishuka nitaambiwa nikae benchi, na tumbo langu hili mbele, kila mtu akiona mwenyewe kwamba nimebemenda. Tena ni mimi niliyelipa benchi lile jina! Watu wangenicheka mpaka kijiji cha pili. Hujafa hujaumbika, lakini mimi sikutaka kuumbika mbele za watu.

Nilikuwa na shoga yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwanawe alilingana na Neema na alikuwa mnene. Nikamwendea. Nikamwambia, "Niazime mtoto." Alikataa kwanza, nikamlilia, akakubali. Siku ya kliniki yeye akampima mwanawe kwa kadi yake. Kisha mimi nikamchukua yule yule mtoto nyuma ya ofisi, nikamvua, nikamvalisha gauni la Neema na kofia ya Neema, nikarudi mwisho wa foleni. Neema nilimwacha amelala kwa mama mkwe.

Nesi alikuwa na watoto wengi siku ile na jua limemmaliza nguvu. Akasoma uzito, karani akaandika, mstari ukapanda. Nikafanya hivyo na mwezi wa pili. Safari hiyo nesi akainua kadi juu, akasema, "Akina mama, tazameni! Mjifunze kwa mwenzenu huyu." Wakanipigia makofi.

Nawaambia kweli, nilirudi nyumbani nikamkuta Neema amekaa kwenye mkeka, hachezi, hata inzi hamfukuzi. Kadi yake imenenepa mkononi mwangu, na yeye amekonda. Nikaificha ile kadi chini ya godoro nisiione.

Halafu likatokea jambo, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Neema akaanza kujaa. Miguu ikajaa, mikono ikajaa, uso ukawa mviringo kama zamani. Mama mkwe, aliyekuwa amemletea dawa ya mganga, akapiga kigelegele, dawa imekubali. Na mimi nikashukuru! Nilipiga magoti kando ya mkeka ule nikamshukuru Mungu kwa kuniondolea aibu. Sikujua kuwa ni maji. Nilikuwa nikimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo, nami nasema, kumbe amenawiri.

Nywele zikageuka rangi, zikawa nyekundu na laini. Ngozi ya mapajani ikaanza kubanduka. Siku aliyokataa hata maji ilikuwa Alhamisi ya gari. Nikambeba, nikasahau foleni, nikapita mbele ya wote. Nesi akamfunua. Akaniomba kadi. Akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akaitazama kadi tena.

"Mama," akaniuliza polepole, "kadi hii ni ya nani?"

Niligeuza uso. Shoga yangu alikuwa pale na mwanawe mgongoni, akainamisha kichwa.

Wakaacha kupima watoto, Landrova ikatupakia, tukaletwa hospitali huku Kibaha. Chumba tulicholazwa kilikuwa na watoto wenye miguu kama ya Neema, na wengine walikuwa wamekaa wanakula, wanapona. Niliwaona kwa macho yangu. Wanapona kwa maziwa, mafuta na uji wa karanga, vile vile vilivyokuwa vikigawiwa kwenye benchi, hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba yangu. Siku ya tatu asubuhi, muuguzi anakoroga uji, kijiko hakijafika mdomoni, Neema akaniacha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kiliniumbua, naye mtoto ndiye aliyelipa.

Basi nikanyamaza. Mimi, mtu wa maneno, nilikaa miezi sisemi. Nikajifungua mtoto wa pili, wa kike pia, na nikaapa hatafika kwenye mizani ile. Mama mkwe alinisihi, baba watoto alifoka, wapi. Gari lilipokuja nilifunga mlango.

Ndipo siku moja nasikia, "Hodi." Ni nesi, ametembea kwa miguu, kazi ameiacha barazani. Mama mkwe akamkaribisha, akaketi kwenye mkeka. Mtoto hakumgusa. Nilidhani amekuja kunisema.

Akasema, "Mama, mimi nimekuja kukuomba radhi. Wewe ulinidanganya kwa kadi, lakini macho nilikuwa nayo. Nilipaswa kumtazama mtoto, nikatazama karatasi."

Nikalia. Tangu Neema azikwe nilikuwa sijalia. Nikamwambia, "Nesi, hujui. Mimi ndiye niliyekufukuzia watu kwenye benchi lako." Nikamweleza lile jina.

Akaniuliza, "Kubemenda ndiyo nini?"

Alikuwa mtu wa bara! Mwaka mzima anapima watoto wetu, na neno lililokuwa likiwaua halijui. Nikamfafanulia. Akashika tama. Halafu akasema, "Sikiliza. Mtoto wako hakuharibiwa na mumeo kulala nyumbani kwake. Alitolewa ziwa ghafla, akapewa muhogo peke yake. Ni njaa ile, mama, njaa ya chakula kisicho na nguvu." Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka. "Jina hilo mimi nikilikataza, watalisema zaidi. Wewe uliyelitoa ndiye unayeweza kulirudisha."

Alhamisi iliyofuata nikaenda. Mtoto alikuwa ametoka kwenye homa, mstari ukashuka. Nesi alinionyesha benchi kwa macho tu. Akina mama, ile safari ya kutoka kwenye mizani hadi kwenye benchi ni hatua sita. Sijawahi kutembea mbali namna ile. Nikakaa, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Hapa nilipaona pabaya, nikamzika Neema. Anayetaka kucheka na acheke, mimi nasubiri maziwa ya mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nilikaa peke yangu, sijui kwa muda gani. Kisha akainuka mama mmoja nyuma kabisa, mtoto amemfunika gubigubi, akaja akakaa karibu nami. Akamfunua. Miguu ilikuwa imeanza kujaa. Yule mtoto alipona, na wangu yuko darasa la tano.

Namshukuru Mungu aliyeniachia ulimi baada ya yote niliyoyafanya nao. Namshukuru nesi yule, popote alipo. Namshukuru Bwana Afya aliyenifundisha kupanda karanga nyuma ya nyumba. Namshukuru mama mkwe wangu, marehemu, ambaye mwishoni alikuwa akitwanga karanga zile kwa mkono wake na kuwaonya wakamwana wa wenzake. Na shoga yangu, tulisameheana.

Kadi ninayo. Hii hapa. Imeandikwa Neema juu, na mstari wake unapanda vizuri mpaka mwezi ule aliokufa. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mwanangu, na siyo yake.

Sasa niseme la mwisho nikae. Wiki iliyopita nilimwona mama mmoja wa humu ndani anapita sokoni, jua la saa saba, mtoto amemfunika khanga mpaka nyayo. Simtaji, na ninyi msigeuze shingo kumtafuta. Dada yangu, neno moja tu kwako. Alhamisi kliniki yetu ipo, na benchi lipo pale dirishani. Mimi sina mtoto wa kupima tena, lakini asubuhi na mapema nitakuwa nimekwisha kaa. Njoo ukae. Wakikuuliza kwa nini umekaa pale, waambie umekuja kunisindikiza mimi.