Kwaya Nzima Ndani ya Disketi

Mwaka wa tisini na nane, boti ya injini ilikuwa inatutoa kisiwa cha Remba kwenda ufuo wa Kisegi. Maxwell, karani wa kanisa letu, alikuwa ameikumbatia disketi moja kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na barua na picha ya kwaya, za kupelekea wafadhili ili watununulie ngoma. Risper, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwimbaji wa kwaya hiyo, alimwuliza jinsi watu thelathini walivyotoshea kwenye kitu kidogo hivyo.

"Nimewabana na kompyuta, mama. Ni kama omena, ukianika inapungua."

"Na ukiloweka inarudi yote?"

"Barua inarudi yote. Picha hapana. Kompyuta inatupa vile vitu vidogo macho haioni."

Angenyamaza hapo, tungefika salama. Lakini mtu aliyesomea kompyuta Homa Bay wiki mbili hanyamazi. "Sanasana vitu vya huko nyuma," akaongeza.

"Yawa!" Risper alisimama, boti ikalala upande. "Maxwell, kwa hiyo picha mimi nimesimama wapi?"

"Nyuma, mama, lakini..."

"Kwa hivyo mimi ndio kitu macho haioni? Na hii kilo tisini?"

Sisi abiria, tukiwa tumeshikilia mbao kwa mikono miwili, tulikuwa tunamwona vizuri sana.

Boti iligusa mchanga. Maxwell aliruka wa kwanza. Risper alichota maji ya ziwa kwa beseni, akamfuata.

"Lete hiyo disketi niloweke! Leo lazima nirudi kwa hiyo picha!"