Madigadi ya Baiskeli Inayopumua

Asubuhi hiyo mtaa ulikuwa kama haujaamka vizuri. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, si mvua wala si ukungu, na kibati kilichofunika benchi la kona kilidondosha tone mojamoja, polepole, kama mtu anayehesabu kitu kisha akasahau amefika ngapi. Walikuwepo wale wa kila siku: Mama Kahawa na birika lake, Kinyozi, ambaye saluni yake inatazamana na benchi na haifunguki mpaka anywe vikombe viwili, na Mlinzi, katoka lindo, kichwa kakiegemeza kwenye nguzo, jicho moja limefumba na la pili linabishana na usingizi. Mbele yao alichuchumaa Dobi, madigadi ya kuzuia tope mkononi, akiitazama baiskeli yake kama mtu anayemsubiri mgonjwa aseme panapouma.

Baiskeli ilikuwa ngeni kwake. Ile ya zamani ilikatika fremu baada ya miaka kumi na minne ya kubeba nguo za watu. Hii kaipata mkononi mwa mtu, ina shokapu mbele. Ikiingia shimoni inabonyea na kuinuka, kama inavuta pumzi. Dobi aliipendea hilo. Nguo alizopiga pasi huzitundika kwenye ndoano juu ya usukani, azione njia nzima, na kwa shokapu hazirushwirushwi. Tabu ilikuwa moja tu: tairi la mbele lilikuwa wazi, na likikanyaga tope linalitupa juu. Juzi tope lilipenya chini ya nailoni, akafikisha joho la mwanakwaya mmoja likiwa na mstari wa tope toka kifuani hadi kwenye pindo, utadhani mjusi kapita. Yule mama hakugomba. Aliliangalia tu, akalikunja, na Dobi akaona heri angetukanwa.

Leo kibandani mwake, nyuma ya benchi, ilining'inia sare nyeupe ya uuguzi, imefunikwa nailoni. Ya binti yake. Saa nane mchana binti alikuwa anakula kiapo chuoni, ng'ambo ya bonde, na njia nzima ya huko ni tope. Dobi mwenyewe ndiye aliyeomba aifue. Miaka mitatu alimsikia mwanawe akikariri majina ya mifupa huku yeye akikoroga buluu ya kufulia. Hakutaka mkono mwingine uiguse.

— Kaka, hapo unaumizia nini kichwa? — alisema Kinyozi. — Juu hapo, shingoni mwa foku, huu uma ulioshika tairi, kuna tundu. Bolti moja, nati moja, kwisha kazi.

— Nilifunga hapo jana.

— Ikawaje?

— Panda uone.

Dobi akaipachika madigadi ya bati, akakaza. Kinyozi akapanda, akaulalia usukani kwa kifua. Shokapu ikabonyea, tairi likapanda, likalisugua bati: krrrr!

— Nani hapo! — Mlinzi aliruka, mkono ukitafuta rungu.

— Lala, mjomba, ni baiskeli, — Mama Kahawa akamtuliza.

— Umeona sasa? — Dobi alisema. — Shingo haisogei, tairi ndilo linalopanda. Siku likinasa kwenye bati, tunarushwa juu ya usukani, mimi na sare ya mtoto.

Kinyozi akanywa funda, akafikiri.

— Basi usiilemee. Kaa mwepesi.

— Nakaaje mwepesi?

— Vuta hewa ndani, ishikilie. Mtu akijaa hewa anakuwa mwepesi. Hujaona puto?

— Dakika arobaini, njia nzima?

— Si utapumua kwenye lami?

— Lami yenyewe iko wapi huko!

— Mimi ningeiziba hiyo shokapu, — Mama Kahawa aliingilia. — Kipande cha mti huku, kipande huku, kamba, isicheze tena.

— Halafu kila jiwe linirushe mimi na sare? Hapana, mama. Kola ile nimeinyoosha mara tatu.

— Nisikilizeni, — Kinyozi alisogea ukingoni mwa benchi. — Tope linamrukia mtu kwa sababu anaenda mbele. Sasa tuseme unaendesha kinyumenyume.

— Wee Kinyozi!

— Nasema tuseme. Linarudi lilikotoka.

— Na njia naionaje?

— Kioo ninacho, kile cha kuwaonyesha watu visogo vyao. Tunakifunga kwenye usukani. Halafu unaenda taratibu, maana tope nalo ni kiumbe, jamani. Asubuhi kama hii limelala. Ukipita kwa adabu huliamshi.

Mama Kahawa alicheka hadi birika likamtikisika mkononi. Dobi hakucheka. Kwa mawazo alikuwa keshafika chuoni. Aliwaona mabinti wamepanga mstari, weupe kama mashuka kwenye kamba, na mmoja kati yao ana mjusi wa tope kifuani. Akamsikia akisema kwa upole, “Haidhuru, baba.” Hilo “haidhuru” ndilo lililomtisha.

— Nimeota, — alisema Mlinzi, macho yote mawili kayafumba sasa.

— Dakika mbili hizi umeshaota?

— Mama anapanda kilima, mtoto mgongoni. Anainuka, anainama, anaruka mtaro. Nikamwogopea mtoto, nikasema huyu sasa hivi anagonga kichwa. Wala. Mama akipanda, na yeye anapanda. Mama akishuka, wako wote.

— Halafu?

— Halafu mkaniamsha na krrrr yenu.

Tone likaanguka kibatini, likafuatiwa na jingine. Dobi akausogeza uso karibu na foku. Juu kulikuwa na vyuma viwili vyembamba vya kung'aa; chini, miguu miwili minene iliyoshika gurudumu, imeunganishwa na upinde uliopita juu ya tairi. Akaweka vidole viwili kati ya upinde na tairi, akabonyeza usukani kwa mkono wa pili. Shingo ikashuka. Vidole havikubanwa. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Havikubanwa.

— Mtoto tumemfunga darini, — alisema polepole, akiugusa upinde. — Wakati mgongo huu hapa, unapanda na kushuka na tairi.

Wakainuka wote, isipokuwa mwenye ndoto. Bati lilikuwa zito kwa pale, ndipo Mama Kahawa akatoa dumu la njano lililopasuka kitako. Kinyozi akalikata kwa mkasi wake wa kazi, uso kaukunja kama anayenyolewa bila maji. Dobi akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akalifunga juu ya upinde kwa waya, na nyuma akalivutia kwenye ile miguu minene kwa vipande vya tyubu, mbali na breki. Kinyozi akapanda. Akalemea. Akaruka kitini kama mtoto kitandani. Haikusikika krrrr. Dobi akalizungusha tairi, likaimba shwaaa, lisiguse kitu.

Hapo ndipo alipotokea binti, mwavuli mkono mmoja, viatu mkono wa pili.

— Shikamooni.

— Marahaba, muuguzi wetu!

— Nimeona manyunyu hayakatiki, baba, nikasema nije twende wote.

Dobi alitaka kumweleza yote kwa mara moja: shingo, upinde, dumu, mama na mtoto kilimani. Badala yake aliingia kibandani akaitoa sare, akafunua nailoni. Weupe wake uliwafanya wote wasogee nyuma kidogo. Binti aliigusa kola kwa mgongo wa kidole. Kisha akamtazama baba yake, toka juu mpaka chini.

— Na wewe, baba, utavaa nini?

Kinyozi akachungulia ndani ya kikombe. Dobi akajitazama: shati lenye madoa ya buluu, suruali iliyoungua gotini kwa pasi. Nyuma yake kibandani zilipangana nguo za watu thelathini, zimenyooka, na hata moja haikuwa yake.

— Mimi nitasimama nyuma huko, — alisema mwishowe.

— Hakuna kusimama nyuma. Wakiita jina langu wanaita na la mzazi. Tunapanda jukwaani pamoja.

Mlinzi akafumbua macho. Akafungua mfuko wake, akatoa shati la kurudia nyumbani, la samawati, limekunjwa vizuri. Kinyozi alivuka barabara mbio, akarudi na koti lake la sherehe, lile linalotundikwa ukutani, na wembe mpya.

— Kaa hapa, kaka. Huwezi kupanda jukwaani na ndevu hizo.

— Shati lina makunyanzi, — Dobi alisema, akilipokea.

Akawasha mkaa wa pasi. Alianza na kola, akaenda mabegani, akamaliza na mikono, taratibu kuliko alivyowahi kumpigia mteja yeyote. Binti alimshikia pindo.

Saa sita waliondoka, Dobi kanyolewa, kavaa shati la Mlinzi na koti la Kinyozi, binti nyuma kwenye keria, sare mapajani ndani ya nailoni, mwavuli juu yao wote wawili. Mteremkoni palikuwa na dimbwi lililotanda njia nzima, halikwepeki. Tairi likazama, shokapu ikabonyea, na Dobi, kwa mazoea, akafumba macho kungojea ubaridi wa tope kifuani.

Haukuja. Akafumbua macho, akaendelea kukanyaga pedali.