Maneno Ambayo Ta Cleophace Hakuyasema Nkwenda

Waombolezaji wapendwa, huyu tunayemlaza leo kando ya migomba ya baba yake ni Cleophace Kabyemera. Nusu ya Kyerwa ilimwita Ta Cleo, na wasafiri wa zamani waliendelea kumwita Konda hata alipokuwa ameshastaafu na kuota mvi. Alizaliwa hapa Nyakatuntu tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Kabyemera na marehemu Mama Anjelina. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo. Dada yake Agnetha, aliyekuwa msichana mdogo, alitumwa mbio kumwita mkunga, na waliporudi walimkuta mtoto ameshafika, analia. Baada ya hapo Cleophace hakumtangulia mtu tena. Kazi yake duniani ilikuwa kungoja wengine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba. Darasa la saba la enzi zile lilikuwa darasa la saba kweli, mtu alitoka akiandika barua ya serikali bila kumwomba mtu amsomee. Kuendelea mbele hakukuwezekana, kwani baba aliugua na kahawa ilihitaji mikono ya kuichuma. Cleophace hakulalamika, ila mpaka uzeeni akipita mbele ya shule alivua kofia.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa takatifu na Celestina, binti wa Kiruruma. Walijaliwa watoto watatu, na nyumba yao haikuwahi kukosa sahani ya kahawa ya kutafuna kwa ajili ya mgeni. Sahani hiyo muikumbuke, maana tutairudia.

Mwaka 1981 Anastazi Mutabazi wa Murongo alinunua basi lake la kwanza. Wazazi wa Mutabazi walitoka Rwanda na kulima vibarua katika mashamba ya watu hapa kwetu, na yeye mwenyewe alibeba magunia mpakani hadi akapata gari. Alimchukua Cleophace awe konda wake. Njia ilikuwa Murongo, Nkwenda, Omurushaka, Kayanga, hadi Bukoba, vumbi kiangazi na tope masika.

Wengi mnakumbuka habari ya Bibi Kokugonza. Alikuwa ameshaketi ndani ya basi na kikapu chake magotini, akakumbuka hajamfunga mbuzi.

"Teremka ukamfunge," Cleophace akamwambia, kisha akamgeukia dereva. "Zima gari."

Abiria wakanung'unika. Mmoja akauliza, "Konda, na huyo mbuzi amekata tiketi?"

"Bado. Lakini akila mahindi ya jirani, kesi itamfuata Bibi mpaka Bukoba, na wewe utaitwa shahidi."

Wakacheka, gari likangoja. Ndivyo walivyofanya kazi, yeye na Mutabazi, mpaka yale mabasi yakawa manne na wao wakawa wazee. Cleophace alistaafu mwaka 2013. Abiria wa upande wa Kyerwa walimchagua kuwa mwenyekiti wao, maana walimjua, naye aliwajua kwa majina na mizigo yao.

Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba njia ya Murongo hadi Bukoba itapewa kampuni moja tu kwa miaka mitano, na wenye mabasi washindane. Zikajitokeza tatu. Kampuni moja ya Bukoba ilijitoa mapema. Wakabaki Mutabazi na mabasi yake manne yaliyochoka, na Zumaridi Safari ya Mwanza, yenye mabasi mapya na viti vya kulalia. Maofisa walisema watakuja Nkwenda kusikiliza abiria kabla ya kuamua, na kwamba neno la abiria litapewa uzito. Kila mtu alijua neno hilo litatoka kinywani mwa nani. Mutabazi hakwenda kumshawishi. Aliwaambia wanawe, "Cleo haombwi. Cleo anajua."

Wiki moja kabla ya mkutano, wageni wawili walifika nyumbani kwa Cleophace. Mmoja alikuwa Cassian, kijana mpole, wakala wa Zumaridi. Wa pili alikuwa bibi yake, Mama Kantengwa wa Kiruruma, jirani wa kwao Celestina, aliyempakata Celestina tangu akiwa mchanga.

"Shikamoo mama. Karibuni, waitu, watu wa kwetu," Cleophace alisema, na Celestina akaleta sahani ya kahawa kama kwa mgeni yeyote. Kwetu kahawa hutangulia, shida ya mgeni huulizwa baadaye. Mama Kantengwa alichagua tunda moja, akalipasua, akabaki na punje moja, na ya pili akaiweka katika kiganja cha Cleophace.

"Tutafune moja, mkwe wangu. Nimebakiza siku chache, nataka ndugu upande huu."

Cleophace alicheka, akadhani ni mchezo wa kizee, akatafuna. Waliokulia hapa wanajua kwamba waliogawana punje za tunda moja wamekuwa ndugu, na ndugu huyo humsemi vibaya mbele ya watu, wala nyumba yake, wala watoto wake, mpaka mmoja wenu afukiwe. Alipomaliza kumeza ndipo Mama Kantengwa aliposema.

"Mjukuu wangu anagombea njia yenu. Sikuombi umpigie debe. Nakuomba tu usimvunje mkutanoni."

Celestina aliona rangi ya uso wa mumewe ikibadilika. Wageni walipoondoka alimwambia, "Baba Yustus, huo ni mtego. Uteme."

"Nimeshameza," akajibu.

Mkutano ulifanyika Nkwenda mwezi wa Julai. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mutabazi alikaa benchi la mbele, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Ofisa akasema, "Mzee Cleophace, tuambie abiria wa Kyerwa wanataka nini."

Cleophace alisimama. Kumsifu Mutabazi siku ile kulikuwa ndiko kumvunja Cassian, hakuona pa kupita katikati. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Abiria wanataka gari linalofika." Akaketi.

Watu walidhani amepumzika tu, kwamba ataendelea. Mutabazi aligeuka akamtazama muda mrefu, kisha akatazama mbele. Njia ikapewa Zumaridi.

Mwanzoni tulifurahi, tusijidanganye. Viti vilikuwa laini. Mikungu ya ndizi ilikatazwa ndani ya basi, tukavumilia. Masika ya pili barabara ikaharibika, Zumaridi wakaacha kufika Murongo, kisha wakaacha Nkwenda, wakawa wanaanzia Kayanga. Mgonjwa wa Nyakatuntu sasa anapakatwa juu ya bodaboda katikati ya watu wawili. Mutabazi aliuza mabasi matatu. La nne lipo nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga chini ya usukani.

Cleophace na Mutabazi hawakugombana. Wakikutana mnadani walisalimiana vizuri mno, kama watu wasiojuana. Cleophace hakumweleza sababu, kwa kuwa kuieleza kungekuwa ni kumtangaza Mama Kantengwa, naye alikuwa bado hai. Jioni jikoni, alimweleza mkewe maneno ambayo angeyasema Nkwenda, safari baada ya safari, mpaka Celestina akayashika kama sala. "Nimekuwa konda maisha yangu yote," alimwambia, "na mtu niliyemwacha stendi ni mmoja."

Mama Kantengwa alifariki tarehe 11 Mei mwaka huu wa 2025. Cleophace alimzika kama ndugu. Aliporudi alisema, "Nusu yangu imefukiwa. Sasa nina ruhusa." Alichagua mkungu mzuri wa kumpelekea Mutabazi Murongo, mbele ya watu wa mnada, Jumamosi ya tarehe 24. Asubuhi ya siku hiyo, panga likiwa mkononi, alianguka migombani. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na ulimi. Alipelekwa Kayanga kwa gari la kukodi, akatibiwa vizuri, akarudi nyumbani akiwa na akili zake zote, bila sauti.

Mwezi wa Juni Mutabazi alikuja kumwona. Cleophace alijaribu kusema, ikatoka sauti tu. Celestina akafungua mdomo amsaidie, naye akamshika mkono kwa nguvu na kutikisa kichwa. Alimaanisha kwamba maneno yale hayakuwa ya chumbani. Mutabazi alinyimwa mbele ya watu, na alistahili kupewa mbele ya watu.

"Usijichoshe, Cleo," Mutabazi alimwambia. "Zima gari. Hakuna anayekuharakisha."

Ta Cleophace alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba 2025 nyumbani kwake, mkewe na dada yake wakiwa kando yake.

Leo watu wa Kyerwa wapo, wanaujaza uwanja huu kuliko walivyoujaza ukumbi ule. Mzee Mutabazi, familia inakuomba usikilize. Marehemu angesema hivi:

"Waheshimiwa, viti vya wageni ni vizuri, nami nimevikalia. Lakini masika ikibomoa barabara, Mutabazi ndiye anayeshuka na koleo. Mgonjwa akizidiwa, basi lake linakata kona hadi hospitali, na abiria wengine wanangoja. Maiti zetu alizileta nyumbani bila nauli, na hakumtuma mtoto kudai. Wazazi wake walilima mashamba yetu, na yeye ametubeba sisi na watoto wetu. Mimi nimesimama mlangoni pa gari lake tangu ujana, na sijamwona akimwacha mtu barabarani. Abiria wa Kyerwa wanamtaka Anastazi Mutabazi."

Hayo ndiyo maneno. Yamechelewa miaka sita, na njia haitarudi kwa ajili yake. Tunajua.

Marehemu ameacha mjane Celestina, dada yake Agnetha, watoto wake Yustus, Vero na Noela, pamoja na wajukuu. Ameacha pia Anastazi Mutabazi, ambaye tunamwomba ahamie benchi la wafiwa, na atupe udongo baada ya watoto.

Apumzike kwa amani huyu aliyewangojea watu wote, akamchelewea mmoja.