Kiti cha Mbele cha Buick

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Migdalia, binti wa marehemu, mama yangu Eneida amenikabidhi karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, na ameniagiza nisiruke neno, kwa hiyo atakayeona haya na atazame chini.

Marehemu Hipólito Arencibia alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa hapa Cárdenas, Kuba, akapata elimu ya msingi mjini hapa, kisha akasomea ufundi wa mitambo kule Matanzas hadi mwaka 1961, mwaka ambao baba yake alihamia Miami na kumwachia gari aina ya Buick la mwaka 1955, akimwambia, "Litunze, mwanangu, Krismasi narudi." Babu alifia hukohuko mwaka 1979, na katika barua zake zote hakuliulizia gari hilo hata mara moja.

Mwaka 1962 marehemu aliajiriwa katika karakana ya kiwanda cha sukari, akatumika hadi kilipofungwa mwaka 2002, na wenzake mliopo ni mashahidi kwamba hakuwa na mpinzani, maana injini ya Buick ilipokufa alipachika ya lori la Kirusi, mafuta ya breki yalipoadimika akachanganya mafuta ya mbarika na pombe, na urembo wa chuma wa mbele ya gari ulipoliwa na kutu akafua mwingine kwa vijiko vya harusi vya mama. Kilichobaki cha asili ni viti, ngozi nyekundu na nyeupe, ambavyo hakuna mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kuvikalia, ingawa watalii wa hoteli za ufukweni za Varadero walijiachia humo wakipigwa picha, wakamwambia yeye ndiye Kuba yenyewe, naye akaamini.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1971, bibi harusi akaenda kwa miguu, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1973, na Anselmo, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1977 ndani ya mkokoteni wa farasi, kwa sababu mama aliposhikwa na uchungu na damu ikaanza kumtoka, marehemu alisimama mbele ya mlango wa gari akasema, "Ngozi hii ni ya asili, Eneida, doa la damu halitoki." Nicasio, mwenye mkokoteni, alimfokea, "We Hipólito, gari lote hilo halafu unamlilia farasi wangu?" Farasi ndiye aliyekwenda, na Anselmo hakufika hospitali akiwa hai.

Tangu hapo, kila Jumamosi, mama aliipaka ngozi ile ya viti mafuta kwa mkono wake.

Jumapili tarehe 11 Mei 2014, Siku ya Mama, tukiwa mezani, marehemu alipatwa na kiharusi, mdomo ukapinda lakini akili ikabaki timamu, akajikojolea, akanyoosha kidole kuelekea kwenye gari. Jirani yetu Osmel akasema, "Bi Eneida, lete ufunguo, naendesha mimi, sasa hivi tumefika." Mama aliutoa ufunguo mfukoni mwa mumewe, akautazama, akautia kwenye aproni yake, akasema, "Amejilowesha, na ngozi ni ya asili. Mwiteni Nicasio."

Alikuwa farasi mwingine, mwendo uleule. Baba alielewa, nami niliyaona macho yake, na tarehe 14 Mei akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari, waliotuambia bila kuficha kwamba angewahishwa angepona, wenzake wa karakana walioleta mashada, majirani mliopika kahawa tangu jana, na mzee Nicasio, aliyetubeba safari zote mbili.

Mmemwona mama akifika makaburini ndani ya Buick, kiti cha mbele, na viatu vya matope, akila nyama ya nguruwe ya kukaanga na kujipangusa vidole palepale. Wapo wanaonong'ona kwamba malipo ni hapa hapa duniani, wapo wanaosema ana roho mbaya, mimi nilikaa kiti cha nyuma na nasema amelia njia nzima, akimlilia Anselmo.

Pumzika kwa amani, Baba, na usigeuke kutazama kiti.